Alama ya Kulungu

Mpini wa msumeno ulivunjika Jumatatu asubuhi, Albano akikata mbao za mlango pale kwake Mtoni. Fundi mwingine angechonga mpini mpya mchana uleule. Lakini huu ulikuwa msumeno wa marehemu baba yake, na Albano alitaka mpini wa kiwanda kilekile.

Akafungua skrubu, akasugua kutu kwa limau na mchanga mpaka zikajitokeza herufi, na juu yake picha ndogo ya kulungu. Kizungu hakukijua. Akauviringisha msumeno kwenye gunia, akampelekea Gregori, mtu wa kwao Masasi, aliyekuwa mtunza stoo wa kampuni moja ya ujenzi mjini.

Gregori alipekua katalogi za vifaa mpaka akamkuta kulungu yuleyule. Akasoma, akarudia kusoma.

"Umesema huu wa nani?"

"Wa baba."

"Alifariki lini?"

"Vita ya Mjerumani. Walimchukua upagazi, mie bado nabebwa mgongoni. Hakurudi."

Gregori akashusha sauti. "Ndugu yangu, hawa Waingereza kiwanda chao wamekifungua mwaka wa ishirini na saba. Vita ilikwisha zamani."

Albano akauviringisha tena msumeno kwenye gunia. Miaka tisa, tangu ndevu hazijamwota, alimfanyia kazi baba yake mdogo, Kasimiri, aliyekuwa seremala, bila ujira, kwa ahadi moja tu: akitumika vizuri atakabidhiwa msumeno wa baba yake. Wenzake waliajiriwa bandarini, wakaoa, wakajenga. Yeye alipiga randa na kungoja.

Akaenda Mbagala kwa miguu, moja kwa moja. Kasimiri, ambaye siku hizo alikuwa mgonjwa, alikuwa kitandani anakunywa uji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona unahema?"

Albano akaulaza msumeno mapajani pa mzee. "Huu si wa baba. Wa kwake uliupeleka wapi? Uliuuza?"

"Niuze nini?" Kasimiri hakuonyesha hata kushtuka. "Baba yako hakuwa seremala. Alikuwa mkulima wa mtama, msumeno hajaushika maisha yake yote. Huo niliununua dukani kwa Mhindi."

"Sasa kwa nini uliniambia vile?"

"Ningekwambia hakukuachia kitu, ungekaa?" Mzee akapiga funda la uji. "Na ufundi si umeupata? Unalia nini?"

Albano akachukua msumeno wake, akatoka bila kuaga.

Miaka tisa ilimuuma, lakini kulikuwa na lililomuuma zaidi. Sura ya baba yake hakuikumbuka. Alikuwa akimjua kwa msumeno ule tu: akilini alimwona amepinda mgongo juu ya ubao, kanoa meno ya msumeno kwa tupa, kavuta pumzi, kakata. Hata mkewe, Adelina, alikwisha kumwambia akimtazama kazini, "Mkono huu ni wa baba yako." Sasa mtu yule hakuwapo, na wa kweli, yule wa mtama, hakumjua kabisa.

Miezi mitatu baadaye Kasimiri akafariki. Watu walikuja kutoka Mbagala kumtaka Albano atengeneze jeneza.

"Mbao zimeniishia," akawajibu.

Mbao zilikuwa zimepangwa ukutani nyuma yake, za mninga, na wote waliziona. Wakaenda kumtafuta fundi mwingine.

Adelina alikwenda mazikoni peke yake. Aliporudi alimpakulia mumewe chakula, akakiweka chini, na jioni ile yote hakumsemesha.