Nani Kachafua Hewa

Wanafunzi wake walimwita Mapafu, naye jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Alifundisha watu kuzamia na mitungi ya hewa, na kila somo la kwanza lilikuwa na hotuba ileile: moshi wa injini ukiingia kwenye mashine ya kujazia mitungi, hutajua. "Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, wala haibishi hodi. Usiamini pua yako, amini kipimo." Hapo huinua kidude chake cha kupimia hewa na kuongeza kwamba hata safarini analala nacho. Ilikuwa kweli, na alijisikia sana.

Basi akasafiri na mkewe na mama mkwe, wakapanga nyumba ndogo ya wageni. Mvua ikawazuia ndani, baridi ikawafungisha madirisha yote, na mkewe akaingia kuoga maji ya moto ya mtambo wa gesi uliotundikwa bafuni. Mapafu akabaki sebuleni na mama mkwe, jambo alilokuwa akilikwepa tangu siku ya harusi. Si kwamba mama alikuwa mkali. Mkwe ni mkwe. Mbele yake hata chafya unaiombea radhi.

"Hicho ulichoweka mezani ni nini, baba?"

Mwalimu mzima, mwenye hotuba ya kujaza asubuhi, akaifupisha ikawa sentensi moja. "Kinalia hewa ikichafuka, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaendelea kushona kifungo cha sweta. Haikupita muda, kidude kikalia. Kikalia kwa nguvu, bila haya, taa yake nyekundu ikimwelekea mama kwenye kochi.

Mama akaacha sindano. Akakitazama kidude, akamtazama mkwewe, akajiweka sawa kwa heshima zote za mtu anayesingiziwa.

"Si mimi," akasema taratibu.

Mapafu alitamani ardhi ipasuke immeze. Aanze kumweleza mama mkwe tofauti kati ya hewa chafu na hewa chafu? Ulimi ukamtangulia. "Ni mimi, mama. Niwie radhi." Akakizima.

"Ni mambo ya kawaida," mama akasema, akasogea mwisho wa kochi.

Kichwa kikaanza kumgonga Mapafu, akajua ni aibu. Tumbo likamvuruga, akajua ni aibu hiyohiyo, maana kujitangaza hivyo mbele ya mkwe si mchezo. Wanasema mganga hajigangi; huyu hata kujua kwamba anaumwa hakujua.

"Baba, na mimi kichwa kinanigonga."

Aibu ilikuwa yake peke yake. Sasa kichwa cha mama kinagongwa na nini?

Moshi wa mtambo wa gesi! Akaruka. Akamshika mama mkono, akamtoa nje mvuani, akavuta pumzi moja ndefu na kurudi ndani. Bafuni maji yalikuwa yanamwagika, na alipogonga hakuna aliyeitika. Akausukuma mlango kwa bega. Mkewe alikuwa chini, shavu kwenye vigae. Akafunga gesi, akamviringishia taulo, akambeba, na hakuvuta hewa mpaka mvua ilipowalowesha wote wawili.

Mama akamwita binti yake kwa jina la utotoni. Mapafu akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa chini ya maji. Mama akaita tena, na tena, ndipo mkewe akakohoa.

Hospitalini wakamwekea oksijeni. Daktari akauliza kama nyumbani kulikuwa na kifaa cha kuwaonya. Mapafu akainamisha kichwa.

"Kilikuwapo," mama akajibu. "Kikalia. Mkwe wangu akasema ni yeye."

Daktari akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Mke wa Mapafu akafumba macho juu ya barakoa. Haikujulikana anacheka au analia. Mapafu alistahili yote mawili.

Mama akamvuta hadi kwenye korido. Yeye hakuwa anacheka.

"Siku nyingine kikilia, baba, nisingizie mimi. Hata mbele ya watu, nisingizie, nitavumilia. Binti ninaye huyo mmoja."