Wavu Uliorudishwa

…palepale tena, upande wa mlango, usawa wa bega la mtu mzima, kiungo cha mkanda wa mashini kimesimama palepale, na jana jioni Idi alilizungusha gurudumu kwa mkono wake mwenyewe hadi kile kiungo kikashuka chini kabisa, akafunga mlango, akabeba ufunguo, akalala nao chini ya mto, na hii leo asubuhi kafungua, kiko juu, kinamtazama, miezi mitano sasa ni hivyo hivyo, tangu siku mkanda huu ulipomuua Rukunda, mfanyakazi wake, na huyu Bwana Casimir aliyetumwa kutoka ofisi ya Fizi kuchunguza ajali ile anasema ah, mzee, ni injini tu, injini ikipoa pumzi iliyobaki ndani huisukuma, ndiyo, Idi anazijua injini tangu hajaota ndevu, lakini injini gani hiyo inayojua kusimama usawa wa bega, astaghafiru, hebu asikilize anachoulizwa, maana ameulizwa kitu, kalamu imeinuliwa na mtu anangoja. «Muzee Idi, siku ile Rukunda alikufa, hii wavu ilikuwa fasi yake ao hapana?» Swali dogo, la kujibiwa kwa neno moja, na wavu wenyewe si huu hapa, wa chuma, umefunika mkanda vizuri, umekazwa kwa buloni nne, mwenye macho haambiwi tazama, aseme ndiyo ulikuwapo, karatasi ifungwe, Bwana Casimir apande pikipiki yake arudi milimani. Ameeleza tangu alipoingia, kwa upole, kama mwalimu, kwamba sheria za usalama wa mashini nchi nzima zinaandikwa upya, zile za zamani ziliandikwa kwa viwanda vikubwa, nani alifikiria kinu cha muhogo cha Baraka, kwa hiyo wanakusanya ajali moja moja, na kila ajali itaamua kipengele, kama wavu ulikuwapo na mfanyakazi ndiye aliyezembea basi wataandika wafanyakazi wafundishwe, makoti yakatazwe, lakini kama wavu ulikuwa umetolewa wataandika nyavu zifungwe kwa namna ambayo mwenye mashini hawezi kuzing'oa kwa mkono anavyotaka, na aliyeung'oa atajibu mbele ya sheria, hilo la mwisho alilisema huku anatafuta mfuniko wa kalamu, wala hakumtazama mtu. Makoti. Maana wote walisema koti, Baraka nzima ilisema koti, joto hili la ziwani mtu anavaa koti la sufu, sawa, kwao Minembwe, juu milimani, kuna baridi, lakini hapa, mbele ya mashini, na mvua imelowesha kila kitu, mkanda unateleza, yeye anainama kuupaka sabuni ili ushike, mkono wa koti ukaingia, ukamvuta, Mungu amrehemu, amejiua mwenyewe. Na matangani wazee wakasema ajali haina kinga, na yeye Idi akaitikia, naam, haina kinga, akaitikia kwa sauti, ilhali kinga aliitoa mwenyewe na kuirudisha mwenyewe, buloni ya tatu ikamdondoka mara mbili, watu wote wamekimbilia hospitali na maiti, yeye peke yake humu, anafunga wavu juu ya mkanda uliokwisha kuua.

Ilikuwa iwe siku moja tu, wallahi siku moja, harusi ya Nuru, binti yake wa mwisho, wageni wa Swima, kijiji cha wavuvi, wamefika na ndagala wabichi, samaki wadogo wa ziwani, beseni mbili, mvua imelowesha ua wote, Zubeda mkewe anahangaika, baba Nuru, tutawaanika wapi, wataoza hawa, na macho ya Zubeda yakaangukia wavu, tundu ndogo, chuma safi, uinuliwe juu ya matofali manne, basi, yeye mwenyewe Idi ndiye aliyeshika spana, na kweli ndagala wakakauka vizuri, harusi ikapita, na wavu ukabaki uani, maana watu wa Swima walileta wengine, na wengine tena, kesho nitaurudisha, kesho, kesho ikawa miezi minne. Hata sasa mashini ikiwaka, upepo wa mkanda ukipita kwenye tundu zile, unga unatoka na harufu ya samaki, wamama wanaosagisha wameanza kunusa beseni zao na kutazamana, na Zubeda ameusugua ule wavu kwa majivu, kwa ndimu, kwa maji ya moto, wapi. Zubeda anajua, wanaojua ni wao wawili na Mungu, na Zubeda tangu siku ile hajaingia humu hata kuleta chai, anaiweka kizingitini. Bwana Casimir amechoka kungoja, au ameona haya kumbana mtu mzima, amegeuka upande wa mama Kampire, mjane wa Rukunda, aliyekuja amevaa kitenge chake cha kanisani na kusimama karibu na magunia, alikuja kwa ajili ya nini huyu, fidia hakudai, alisema tu watoto wake wanaambiwa shuleni kwamba baba yao alijiua kwa ujinga wa koti, angependa chef, ndiye huyu Bwana Casimir, aandike kama haikuwa hivyo, na kama ilikuwa hivyo aandike hivyo, na sasa anaulizwa kama marehemu aliwahi kulalamika kitu kuhusu kazi. Idi anasikia nusunusu, hapana, hakulalamika, alimsifu patron, yaani yeye Idi, alisema patron ni mutu muzuri, kisha sauti yake ikashuka. «Ila kila siku alikuwa analeta samaki nyumbani, chef, na kwetu hakuna mwenye anakula samaki. Nilikuwa napatia jirani. Siku moja nikamuuliza, juu ya nini unapokea? Akaniambia, si samaki nataka, lakini nitaanza aje kumuambia mukubwa? Nitasimama tena kesho.» Alitaka nini basi, anauliza Bwana Casimir. Kampire hajui, hakuambiwa.

Ee Mola, ndiyo ile, kila alfajiri, kabla ya kuwasha mashini, Rukunda uani, kofia kwapani, habari ya mke, habari ya watoto, habari ya ng'ombe, na Idi hana ng'ombe hata mmoja, basi anacheka, anajibu ng'ombe wazima, na yule bwana anamaliza salamu na haondoki, anasimama mbele ya wavu uliojaa ndagala, anautazama, kimya, mikono nyuma, na Idi moyoni, masikini, anatamani samaki na ana haya ya kuomba, watu wa heshima hawa, akamchotea viganja viwili kwenye karatasi, chukua ndugu yangu, akapokea kwa mikono yote miwili, akashukuru, akaingia ndani kuwasha mashini isiyo na wavu. Kesho yake tena. Miezi minne. Na nani hapa Baraka asiyejua kwamba wengi wa kule juu samaki si chakula chao, Idi alijua, amefanya biashara nao miaka, alijua na hakutaka kufikiri, maana kufikiri kungekuwa kushika spana, na yeye mtoaji alijiona mkarimu, alimsimulia hadi mwenzake Haruna msikitini, mfanyakazi wangu yule anapenda ndagala kama mtu wa Swima, wakacheka. Kila siku mtu yule aliomba uhai wake kwa namna ya adabu kuliko zote alizofundishwa, na yeye akamlipa samaki. Si koti lililomuua, ni mkanda ulioachwa wazi. Lile koti analijua yeye, alilikuta limezongwa na mkanda, alilikata kwa kisu. Je, kesho mwingine atasimama kwenye kinu kingine, mbele ya mkubwa mwingine, ataambiwa vua koti tu, kwa sababu Idi alisema neno moja jepesi hapa? Mficha uchi hazai. Watamfunga, ndiyo, watamfunga mzee mwenye wajukuu, na Zubeda atalia, na Nuru ataambiwa harusi yako ndiyo iliyoua mtu, ataichukia siku yake ya furaha, na anaogopa, anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa mashini hii, lakini yule mama pale karibu na magunia ameinamisha macho, kwa heshima, hamtazami mkubwa usoni, hajamkazia swali, hatamkazia, ataondoka jioni bila neno na kurudi asubuhi kusimama, hivyo ndivyo walivyolelewa, na Idi hawezi, jamani, asubuhi nyingine moja tu ya namna ile hawezi, atasema, atasema sasa hivi kabla moyo haujarudi nyuma, aanze na harusi, au aanze na spana. «Muzee Idi?» Kalamu ilikuwa bado hewani, karatasi nyeupe, na Kampire alikuwa bado hajamuuliza kitu.