Shukrani za Bingwa

Alikuwa amepiga magoti juu ya godoro la mteja, akichambua pamba iliyogandamana kwa jasho la miaka, aliposikia mluzi kifuani mwa binti yake. Akaiacha pamba. Akachukua pampu ya kuvutia dawa kutoka juu ya kabati, akaitikisa karibu na sikio. Kimya. Akaitikisa tena, kama vile ubishi ungeijaza.

"Vuta hivyo hivyo, huenda imebaki kidogo."

Binti akavuta. "Ni hewa tu, mama."

"Basi leo tutapata nyingine. Si ndiyo siku yao ya kufunga mradi? Hawawezi kutuacha mikono mitupu."

Mtaani walimwita binti huyo Bingwa, na mama yake Mama Bingwa. Jina lilitoka kwenye mradi wenyewe. Watu wa mradi walipokuja na vidonge vya minyoo, waliwadondoshea watoto matone mkononi: tone la vumbi la nyumbani, tone la mende, tone la manyoya ya paka. Kisha wakachoma kidogo kwa ncha ya sindano na kupima uvimbe kwa rula. Mara ya kwanza mkono wa binti ulibaki laini. Waliporudi, minyoo ikiwa imeshatoka, tone la vumbi lilimwinulia uvimbe mkubwa kuliko wa mtoto yeyote kwenye foleni. Wenzake walilinganisha mikono, wakamtawaza hapo hapo.

Mama naye alifurahi. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa mhamasishaji wa mradi pale mtaani. "Unaona?" alimwambia. "Damu imeamka. Minyoo ilikuwa imeilaza." Mama Bingwa akaamini, akapita mlango kwa mlango na habari hiyo, hadi majirani wote wakaandikisha watoto wao.

Kifua kilianza baadaye. Mradi haukuwa mchoyo. Pampu ikiisha, inaletwa nyingine. Walimshauri pia aondoe magodoro ya wateja chumbani, kwa sababu ya vumbi. Alicheka. Ayaondoe, halafu wale nini?

Ukumbini wifi alikuwa mlangoni, kavaa fulana mpya ya mradi, akigawa soda.

"Wifi, pampu imekwisha."

"Hata salamu hakuna? Ngoja kwanza shughuli ipite." Wifi akamnyoosha binti kola. "Leo Bingwa wetu atatoa shukrani kwa niaba ya watoto wote. Maneno mawili matatu tu. Si unaweza, shangazi?"

Binti akaitikia kwa kichwa.

"Kifua kimembana tangu asubuhi," alisema mama.

"Woga tu huo. Wageni wametoka mbali, wifi. Tusiaibishane."

Daktari wa mradi alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. Alisimama mbele akashukuru wazazi, kisha akaeleza, kwa maneno mepesi, walichokuwa wakikitafuta. Minyoo, alisema, ili iishi ndani ya mtu, huutuliza mwili usiishambulie. Je, utulivu huo humkinga mtu pia dhidi ya mzio na pumu? Na minyoo ikitolewa, mzio hujitokeza?

"Bila ninyi tusingeweza kuuliza swali hili," alisema. "Mikono mingi zaidi ilivimba baada ya vidonge. Kuhusu pumu, hatuwezi kusema kwa uhakika. Uchunguzi mwingine utahitajika."

Ukumbi ukapiga makofi. Mama Bingwa aliitazama mikono yake, bado ina nyuzi za pamba, akainuka akamfuata wifi kwenye kreti za soda.

"Ulijua?"

"Nini tena?"

"Kwamba walikuwa wanaangalia kama watoto watabanwa vifua."

"Punguza sauti. Minyoo ni mibaya, wifi. Umesahau alivyokuwa, hana damu, tumbo kama ngoma? Ungemwacha hivyo?"

"Nisingemwacha. Lakini ulikaa juu ya kitanda changu nikakuuliza, kuna lingine? Ukasema hakuna."

Wifi akapanga upya chupa zilizokuwa zimepangika tayari. "Ningekuambia, ungekubali?"

"Labda ningekubali. Ningekubali mimi, na macho yangu wazi. Sasa umenitumia mimi kuwadanganya jirani zangu, na huyu ni damu ya kaka yako."

Mama Bingwa akamwacha na chupa zake.

Akamwendea daktari. Kijana alimsikiliza hadi mwisho, tena kwa heshima.

"Mama, dawa zote zimesharudishwa makao makuu. Sasa mtahudumiwa na hospitali, kama wananchi wengine."

"Hospitali hawana. Wanatutuma duka la dawa, na huko bei imepanda tena."

"Naelewa, mama. Naumia sana."

Alionekana kuumia kweli. Hilo halikumsaidia mtu kupumua.

Mshereheshaji akaita, "Bingwa wetu yuko wapi? Makofi jamani!" Kabla mama hajamfikia, binti alikuwa ameshapanda jukwaani na kushika mlingoti wa kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Sisi watoto," alisema, "tuna..."

Mluzi ukatoka kwenye spika zote nne. Watoto wakacheka, wakidhani ni mashine. Fundi wa mitambo akagusa vitufe vyake. Mluzi ukaja tena, mrefu, ukapanda na kushuka, na sasa kila mtu aliona mabega ya binti yakipanda na kushuka nao. Kicheko kikafa.

"...tunashukuru..."

Wifi alikimbilia kipaza sauti. Mama Bingwa akamtangulia, akasimama katikati.

"Wifi, nipishe nizime hicho kitu! Mtoto anateseka!"

"Ndiyo. Leo ndiyo umeona?"

Akapiga magoti kando ya binti yake, akaweka kiganja mgongoni pake. "Tushuke, mama?"

Binti akatikisa kichwa. Alikuwa na neno moja bado, akalitafuta kwa pumzi mbili, tatu, na kila pumzi ukumbi mzima uliisikia hadi mwisho wake. Daktari alikuwa ameinuka, amesimama tu, mikono haijui pa kwenda.

Katikati ya viti jirani mmoja, muuza mkaa, akamvuta mwanawe kutoka kwenye soda yake, akainama, akabandika sikio mgongoni mwa mtoto. Aliyekaa nyuma yake akafanya vivyo hivyo. Kisha mwingine, na mwingine.