Idhini ya Wilf Entwistle

Tangu Jumatatu Doreen Entwistle alikuwa ameipigia kampuni ya umeme mara nne, na mara zote nne alijibiwa kwa sauti ya upole, ile ya watu waliozoea kukataa: samahani mama, mwenye akaunti ni bwana, hatuwezi kuzungumza nawe. Sasa ilikuwa Jumatano. Bei yao, ile iliyofungwa mwaka mzima isipande, ilikuwa inakwisha Ijumaa. Baada ya hapo wangeangukia bei ya watu wasiochagua, ambayo kampuni zote huiweka juu makusudi, zikijua kwamba asiyechagua hatalalamika. Nje, vilima vya Rossendale, kaskazini mwa Uingereza, vilikuwa vimeshapotelea kwenye ukungu, na mumewe Wilf, aliyekuwa na miaka sabini na tisa na sweta mbili mwilini, alikuwa anasikia baridi tangu Septemba. Bila idhini ya mzee huyo, majira ya baridi yangewakuta wakichagua chumba kimoja cha kupasha joto na kuviacha vingine vigande.

Kichekesho ni kwamba katika mji ule hakukuwa na mtu aliyejua mambo ya bei za umeme kama Wilf. Kila Oktoba, wenzake wakikusanya majani bustanini, yeye alihama kampuni. Alikaa mezani jikoni na penseli, akasoma maandishi madogo ambayo hayajaandikwa ili yasomwe, akapiga simu, akabishana, akahama. Kubaki kwenye kampuni moja aliona ni ubwege. "Ukiwapenda wanakukamua," alikuwa akisema. "Mgeni ndiye anayekaribishwa kwa keki." Alipokuwa bado anafanya kazi stoo kwenye kiwanda cha sapatu za kuvaa nyumbani, wenzake walimpangia foleni saa ya chakula awachagulie na wao, na malipo yake yalikuwa pai ya nyama na viazi. Kila kampuni aliyohamia aliipa sharti moja: msizungumze na mtu yeyote isipokuwa mimi. Doreen lilimchoma sharti hilo, ingawa hakulisema. Aliona mumewe hamwamini.

Kisha ukaja ugonjwa. Miaka miwili sasa ulikuwa unamla Wilf kidogo kidogo. Ulimnyang'anya jina la dada yake, njia ya kwenda posta, na siku za wiki, lakini ukamwachia hesabu zake za umeme, ada ya kila siku na faini ya kuondoka mapema kwenye kampuni. Doreen hakuelewa ugonjwa gani huo unaochagua vya kuchukua namna hiyo. Alichokijua ni kwamba amechoka. Alichoka kwenye magoti, alichoka kwenye macho, na alichoka mahali fulani ndani ambako usingizi haufiki.

Septemba alijaribu kuhama mwenyewe. Alijaza fomu, akaipata kampuni nafuu, akajipongeza kwa kipande cha keki. Siku tatu baadaye kampuni ya zamani ikaandika barua: tunasikitika kwamba unatuacha. Wilf, ambaye mpaka leo hakubali barua ifunguliwe na mtu mwingine, akavaa miwani, akasoma, akainua simu. "Mimi sijahama," akawaambia. "Kuna mtu ananihamisha." Wakamrudisha. Doreen akajaribu tena, safari hii akaivizia barua mlangoni na kuificha chini ya taulo, kumbe na wao wakapiga simu, na aliyeipokea ni Wilf. "Nyumba hii ina mtu anayechezea karatasi zangu," akasema, kwa ufasaha ambao Doreen alitamani angeusikia siku nyingine, kwa jambo jingine. Wakamrudisha tena. Na kwenye kompyuta yao wakaandika onyo kwamba mteja huyu ni mzee, huenda kuna mtu nyumbani anamtumia vibaya, basi wazungumze naye tu. Ndivyo Doreen, baada ya miaka hamsini na mmoja ya ndoa, alivyogeuka mshukiwa ndani ya nyumba yake.

Karatasi za mwanasheria za kumpa mamlaka juu ya mambo ya mumewe zilikuwa zimeombwa. Mwanasheria alisema baada ya Krismasi, Mungu akipenda, na alionekana hana uhakika sana na Mungu.

Ikabaki njia moja. Wilf mwenyewe apige simu, na kwa kinywa chake aseme mkewe aandikwe kwenye akaunti. Maneno machache tu. Doreen alichagua saa nne asubuhi, baada ya chai, kwa sababu huo ndio wakati ambapo kichwa cha mumewe huwa na mwanga. Lakini moyo ulikuwa unamdunda, na si kwa ajili ya bei. Siku kumi na moja zilikuwa zimepita Wilf hajamwita kwa jina. Alisema asante. Alisema chai nzuri. Doreen hakumuuliza mimi ni nani, kwa maana aliogopa jibu, na jambo hilo hakumwambia mtu, hata daktari.

"Wilf," akasema, akamwekea simu mbele yake na kubonyeza ili sauti isikike chumba kizima. "Watu wa umeme hawa. Waambie Doreen aandikwe."

"Bei inakwisha lini?"

"Ijumaa."

"Mmechelewa kunambia," Wilf akasema, akajiweka sawa kwenye kiti.

Muziki wa kusubirishwa ulipiga robo saa. Kisha akaingia kijana, akajitambulisha kwa jina la Kieran, akauliza maswali ya usalama. Jina kamili? Wilfred Arthur Entwistle. Tarehe ya kuzaliwa? Akaitaja bila kusita, na siku yenyewe ya wiki akaongeza. Anwani? Akaitaja. Doreen alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Vizuri sana, Bwana Entwistle. Naona bei yako inaisha keshokutwa. Ninayo nyingine ya mwaka mmoja, ni ya wateja wetu wa zamani."

"Wateja wenu wa zamani," Wilf akarudia, na uso wake ukabadilika. "Yaani mabwege. Hebu niambie, ada ya kila siku peni ngapi?"

Kieran akataja.

"Kijana, mimi si ng'ombe. Jirani yangu mnamtoza pungufu ya hapo."

"Mzee, kila nyumba ina..."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikiondoka mapema mnanitoza nini?"

"Pauni hamsini kwa umeme, hamsini kwa gesi."

"Iondoe."

"Siwezi, mzee, kweli."

"Basi mwite anayeweza. Mimi nina siku nzima, na chai bado ya moto."

Doreen aliziba mdomo asicheke. Alifurahi, ndiyo, alifurahi kweli, kwa sababu mtu aliyekuwa mezani pale alikuwa Wilf mwenyewe, mbishi, mjuaji, mwenye kidole cha shahada kinachogonga meza. Kieran akaenda akarudi. Faini imeondolewa. Ada imeshuka kidogo. Ilikuwa bei bora kuliko aliyoihangaikia Doreen mwezi mzima, na kijana mwenyewe alikuwa anacheka. "Mzee, ungekuja kufanya kazi huku tungefunga ofisi."

"Huku nyumbani kuna mtu," Wilf akaendelea bila kuambiwa, "nataka aandikwe kwenye akaunti. Mke wangu. Doreen."

Doreen akavuta pumzi ambayo alikuwa hajaivuta tangu Jumatatu.

"Bila shaka," Kieran akasema. "Nahitaji tu kusikia sauti yake akikubali. Yupo hapo?"

"Hayupo," Wilf akasema. "Katoka."

Doreen akamtazama mumewe, na mumewe akamtazama yeye, kwa macho ya adabu tupu.

"Wilf," akasema taratibu. "Ni mimi hapa."

Wilf akafunika simu kwa kiganja. "Mama, samahani sana," akamwambia kwa sauti ya chini, namna anavyoambiwa mtu usiyetaka kumwaibisha. "Haya ni ya nyumbani."

"Kijana!" Doreen akaita, akiinamia simu. "Mimi ndiye Doreen, mimi ndiye mkewe, nisikilize..."

"Usimsikilize," Wilf akasema, hakufoka. "Ni mtu mzuri huyu. Ananipikia, ananivalisha soksi, sina la kulalamika. Ila wa kuandikwa ni mke wangu tu. Zamani alikuja mtu mlangoni na koti la kampuni, akamsainisha karatasi, akatuhamisha kwa hila. Doreen alilia kutwa nzima, akajiona mjinga. Si mjinga, alidanganywa tu. Nikaapa hakuna kampuni itakayomsumbua tena, wote wapite kwangu. Leo nimwandike mtu mwingine, nitamtazama vipi?"

Miaka yote ile Doreen alidhani hakuaminiwa. Akaketi. Alitaka kulia, akaona hata kulia kunataka nguvu, akaacha. Alikuwa amekaa karibu na mtu aliyemlinda hivyo, naye mtu huyo alikuwa anamlinda dhidi yake yeye mwenyewe.

Kieran aliposema tena, sauti yake haikuwa ya mtu anayesoma maandishi ya kazini.

"Bwana Entwistle. Mkeo atarudi saa ngapi?"

"Sasa hivi. Huwa hakawii."

"Basi hakuna shida. Wewe umeshanipa ruhusa. Nitabaki kwenye laini, nina dakika tano kabla msimamizi hajaanza kuniuliza. Akirudi, mpe simu." Akasita. "Akirudi kutoka nje."

Doreen akaitazama simu. Kisha akainuka. Alitembea mpaka kwenye korido, akavaa koti lake la kijivu, akafunga kitambaa kichwani, akachukua mkoba wa sokoni na kutia viazi vichache ndani yake ili uwe na uzito. Alijiona kituko. Mwanamke wa miaka sabini na nne, anatoroka nyumbani kwake ili aingie. Akafungua mlango wa mbele, akatoka, akaufunga nyuma yake.

Mvua ilikuwa nyembamba. Alisimama kwenye kizingiti, akatazama mapipa ya taka ya majirani yaliyokuwa yamepangwa yangojee gari, na hofu ikamshika kuliko wakati wowote katika miaka ile miwili. Akiingia na Wilf akainua macho na kusema karibu mama, basi huo ndio utakuwa mwisho. Bei itapotea, ndiyo. Lakini vilevile atakuwa amebisha hodi kwenye ndoa yake mwenyewe akakosa wa kumfungulia. Alitamani abaki pale pale mvuani, asijue. Kisha akakumbuka dakika tano za yule kijana, akafuta miguu kwenye zulia la mlangoni kwa kelele, akafungua.

"Wilf! Nimerudi!"

Akaingia jikoni na mkoba wake. Wilf akageuka. Kwanza akaangalia koti, kisha kitambaa chenye matone, kisha uso, na uso wake mwenyewe ukafunguka wote.

"Dor! Ulikuwa wapi wewe mwanamke? Nimemshikilia mtu wa umeme hapa tangu asubuhi. Faini nimeiondoa. Njoo, njoo, sema naye."

Doreen akashika simu. Akataja jina lake, Doreen Margaret Entwistle, akataja tarehe yake ya kuzaliwa, akasema ndiyo, anakubali, na ndiyo, anajua simu inarekodiwa. Kieran akaandika. Zilisikika herufi zikigongwa upande wa pili.

"Imekwisha, Bi Entwistle," akasema. "Bei ni yenu mwaka mzima. Na lile onyo nimeliondoa." Kisha akapunguza sauti. "Karibu nyumbani," akasema, akakata.

Doreen akaketi karibu na mumewe. Wilf akamshika mkono, akaupapasa, akalalamika ni wa baridi, akauweka katikati ya mikono yake miwili. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Alimsimulia mazungumzo yote tangu mwanzo, ada, faini, ng'ombe, naye Doreen akasikiliza kana kwamba hakuwepo. Alisema ehe. Alisema wewe nawe, Wilf. Alilisikia jina lake mara tano.

Kisha Wilf akasogeza kichwa karibu, akachungulia upande wa korido, akashusha sauti.

"Yule mama bado yupo?"

"Yupo," Doreen akasema.

"Mwambie leo aende zake nyumbani, wewe si umeshafika. Mlipe siku nzima, usimkate. Amechoka yule, Dor. Namwona anavyonyanyua sufuria. Amechoka mno, na hana hata mtu wa kumwambia pole."

"Nitamwambia," Doreen akasema.

Hita ilianza kuunguruma ukutani, na chumba kikapata joto mpaka madirisha yakatoka jasho. Saa sita ikafika, ikapita. Wilf akamuuliza mara mbili kwa nini asivue koti, naye akamjibu kwamba bado anasikia baridi.