Kimya cha Nakuam

…na sasa magitaa yanaingia yote pamoja, kama lori la kwenda Merti likipanda mawe kwa gia ya kwanza, na Akai ananitazama mdomo, si macho, mdomo, anangoja jibu litokee hapo, tumegawana waya za simu yake, upande mmoja sikioni mwangu, mwingine sikioni mwake, vichwa vimekaribiana kama vya watoto wanaosomea kitabu kimoja, chai yangu ya saa nne inapoa mezani, nje darasa la tatu wanagombania mpira wa makaratasi, na humu sikioni msichana wake, msichana wangu pia, acha niseme hivyo angalau moyoni, Nakuam niliyemfundisha kushika penseli, anapiga ukelele mrefu kama mtu anayeng'olewa jino, na Akai anashtuka, "Mwalimu, huyu anaimba ama anaumwa?", ngoja kidogo Mama Nakuam, nasema, tusikize mpaka mwisho, na kutoka meza ya pili mwalimu mwenzangu Muthomi, ambaye anasahihisha hesabu na masikio yake yako kwetu, anasema, "Mwalimu Kagwiria, hiyo ni muziki ama ni jenereta ya kisima?", na Akai bila kugeuka, "Jenereta angalau inazimwa," tunacheka, lakini yeye anaacha kucheka kabla yetu… Jumamosi bendi ya Nakuam inapanda jukwaani Nairobi, ukumbi mkubwa, albamu nzima mwanzo hadi mwisho, na Nakuam amemwekea mama yake kiti cha mbele kabisa, leo mchana atapiga simu kutaka jibu, na Akai amenibebea swali zima hadi ofisi ya walimu, "Wewe ndio ulifungua hii mdomo yake, ukisema ni kitu nzuri naenda, ukisema ni wazimu nakaa na mbuzi zangu," kanisani wameshamwambia ni wazimu, majirani wamesema ni bangi… na mimi nitasema nini, kwamba sijawahi kusikia kitu kikubwa namna hii kikitoka kwa mtoto wa hapa, ni hadithi moja ndefu, kila wimbo unaikabidhi kwa mwenzake, malkia wa nchi kavu ameteremka kuufuata mto uliotoroka, kama mto wetu Ewaso unavyotupita na kwenda kumezwa na mchanga huko chini, Mto una sauti yake, nzito, yenye kiburi, Malkia ana yake, Kiu naye ana yake, na zote ni koo moja, ile ile iliyokuwa ikisoma "haya njoo" ubaoni, kisha fidla, tarumbeta, kwaya inayoimba kama ya kanisani huku ngoma zinapiga kama watu wanaobomoa paa, ina makuu, ina taji na mapazia, mwamuzi wa tamasha angeandika punguza, mimi siandiki, nani alisema mtoto aliyekulia vumbi hili aimbe vitu vidogo… Kinna, kwenye tamasha la shule, mwaka ule kaunti ikiwa changa, bendera yake bado ina mikunjo ya dukani, shairi letu la ukame, watoto mistari mitatu wakikariri kwa pamoja, Nakuam mbele yao akiwa Kiu, nilimwambia ukianguka anguka kweli, magoti kwanza halafu bega, na ukishaanguka shika kimya, usikihesabu kwa vidole, kihesabu kwa pumzi, tumboni, mpaka wanaokutazama waanze kuogopa, ndipo wenzako waingie, na akaanguka, akakishika, na ukumbi mzima ukaogopa, na mwanamke mmoja nyuma akaogopa kuliko wote, akaja mbio kati ya viti na mtungi wa manjano, "Mtoto anakufa na nyinyi mnaangalia tu!", akapanda jukwaani, akamimina maji kwenye kifuniko chake cha plastiki, akamwinua kichwa, na mtoto hakucheka, hakusema niache mama, alikunywa, alikunywa vile Kiu angekunywa, tukasikia kila funda likishuka, kisha akalala tena chini na kukiendeleza kimya chake pale alipokiachia… mwamuzi alitukata alama, mtu wa ziada jukwaani, na mimi nyuma ya pazia nalia kwa furaha, na mwanamke huyo ndiye huyu, mtungi hana leo, lakini ona anavyoshika ukingo wa benchi, "Unakumbuka Kinna?" namuuliza, "Nilikuaibisha Kinna," anasema, "na nikienda Nairobi nimwone anaanguka? Mimi najijua, Mwalimu, nitapanda tena"… kumbe hilo ndilo swali, si wazimu, si kanisa, miaka yote hii hajaenda kumtazama mtoto wake akiimba, akidhani ni yeye aliyeharibu, nami nilifikiri ni mbuzi, nilifikiri ni nauli… na hapo vyote vinakatika, magitaa, ngoma, Mto katikati ya neno, hakuna kitu, "Imezima," anasema Akai, mkono unaiendea simu, anadhani chaji imeisha, lakini naona kwenye kioo wimbo bado unatembea, nainua kidole, kidole kile kile cha mazoezi, ngoja, na tumbo langu lenyewe linaanza kuhesabu pumzi, ni chake, ni changu, ni kimya changu hiki, amekibeba hadi studio… halafu ndani ya kimya, mbali, maji yanamiminwa kwenye kitu kidogo, kitu cha plastiki, na mtu anakunywa, funda, funda, bila haraka… wewe mtoto… miaka yote nimejivunia kimya kile kana kwamba nilikishona kwa mikono yangu, kumbe katikati yake kuna maji ya mama yake, na bila maji hayo kingekuwa kimya cha shule tu, cha kupewa alama, na sasa nawajivunia zaidi, mama na mtoto, wote wawili, najivunia hata mwanamke wa ziada jukwaani… mkono wa Akai umeganda juu ya simu, midomo inachezacheza, sitamwambia, jibu ambalo mtu yuko karibu kulifikia halinyang'anywi, chai imeota ngozi, kengele bado, Muthomi ameinua kichwa, kalamu hewani, kidole changu hakijashuka, "Mwalimu," ananong'ona, "hiyo ni maji yangu," nami navuta pumzi tumboni, na kwaya bado haijaingia…