Tundu la Neva Mbili

Kazi yangu ni kutengeneza mafuvu. Nayatengeneza kwa plasta, katika karakana iliyo nyuma ya chuo cha udaktari, na wanafunzi wanaojifunzia mafuvu hayo wananiita Babu Fuvu. Jina silipendi, lakini ukilikataa jina la utani ndipo linapokolea, kwa hiyo nimeliacha. Mtu wa kawaida akiona fuvu anaona macho na meno. Mimi naona matundu. Chini pale ubongo unapokalia kuna matundu chungu nzima, na kila neva inayotoka kwenye ubongo kwenda machoni, usoni, ulimini au kooni ina njia yake. Fuvu ambalo matundu yake yameziba ni bakuli tu. Ndiyo maana kila nikilitoa fuvu jipya kwenye kalibu, ile ya mpira ninamomiminia plasta, naketi na sindano kuchokoa tundu moja baada ya jingine mpaka isibaki hata chembe. Sipendi masalia. Hata sahani iliyooshwa naiosha tena, na mke wangu ananicheka.

Mke wangu ni mwalimu wa chekechea, nami namwita Mwalimu hata tukiwa nyumbani. Kazi yake anaifanya kwa uso kuliko kwa mdomo. Wale wadogo bado hawajui herufi, lakini yeye wanamsoma vizuri sana: akiinua nyusi wananyamaza, akivimbisha mashavu wanaangua kicheko, akikunja uso aliyemnyang'anya mwenzake mpira anaurudisha. Nimewahi kumwona akimaliza ugomvi wa darasa zima bila kutamka neno.

Mwaka jana tulianza kugombana kwa jambo la kipuuzi. Namsemesha, hajibu. Nikamwambia ametia pamba masikioni. Tukitembea barabarani ni lazima niwe kushoto kwake, na nikihamia upande wa pili ananirudisha. Dada yake, shemeji yangu ambaye utani wake hauna breki, alisema masikio ya ndugu yake yamechoka kunisikiliza na yameamua kustaafu moja moja. Tulicheka sote. Kumbe sikio la kulia lilikuwa linakufa kweli, na ndani yake kulikuwa na mlio kama wa friji kuukuu, ambao Mwalimu hakumwambia mtu.

Picha ya kichwa ilionyesha uvimbe. Daktari wa upasuaji alianza kwa kutuambia kwamba si saratani, nami nikamshukuru kimoyomoyo. Ni mwanamke mpole aliyejifunzia mafuvu yangu enzi za uanafunzi wake, na alipotaja uvimbe ulipo sikuhitaji mchoro. Kwenye mfupa wa sikio, kwa upande wa ndani, kuna tundu linaloingiza neva mbili pamoja: ya nane, ambayo ni ya kusikia, na ya saba, inayoutembeza uso. Uvimbe ulikuwa umeota kwenye ya nane na sasa unaibana ya saba. Ukiachwa, utakua mpaka uusukume ubongo. Kusikia kwa sikio lile kulikuwa kumekwisha, vyovyote iwavyo. Kilichobaki ni uso. Angeweza kuukwangua uvimbe wote na kuiweka neva ya uso hatarini, au aache kipande kilichoing'ang'ania neva hiyo, na Mwalimu aishi akipigwa picha kila mwaka, maana kipande kinaweza kukua tena. Alitaka kujua mapema tunachagua lipi, kwa sababu atakapofika hapo mwenye uso atakuwa amelala.

"Toa yote," nikasema.

Daktari hakunitazama mimi, alimtazama mke wangu. Mwalimu akasema atafikiri.

Nyumbani nilishikilia langu. Nilikuwa nikimwona amelazwa tena kwa upasuaji wa pili, kisha wa tatu. Nilimwambia namtaka akiwa mzima. Akasema mzima ni pamoja na uso wake. Nikamwambia uso huo nitaupenda hata ukipinda, na nilimaanisha. Akajibu kwamba hilo analijua, ila mimi ni mtu mmoja, na kule darasani yuko mtoto wa kike asiyeongea kabisa, ambaye yeye huzungumza naye kwa nyusi. Hata hivyo sikubadili msimamo.

Siku moja alitoka shule akaja moja kwa moja karakana. Hajawahi kupapenda pale. Anasema panamtazama sana. Akaketi kwenye stuli, vumbi la plasta likamshika sketi, akaniomba nimwonyeshe hilo tundu lenyewe. Nilikuwa na fuvu lililotoka kwenye kalibu asubuhi ile, utosi wake umekatwa ili ndani paonekane. Nikaligeuzia kwenye mwanga wa dirisha. Akajaribu kuingiza ncha ya kidole, haikupita.

Nikamweleza kwamba mle ndani, mwisho kabisa, kuna kijimfupa chembamba kama ukucha kinachozitenganisha neva, ya uso ikiwa juu na ya kusikia chini. Tundu lilikuwa limeziba nusu. Akaniambia nilisafishe, anataka kuona. Nikavaa miwani, nikashika sindano, nikafanya kama nifanyavyo siku zote: nikatoa plasta iliyolegea, kisha ile iliyogoma, kisha chembe ya mwisho iliyokuwa imegandia kijimfupa. Chembe ikatoka. Kijimfupa nacho kikatoka.

Haikuwa ajabu kwangu. Kinavunjika mara kwa mara, na huwa nakirudisha kwa gundi bila hata kufikiri. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye chupa Mwalimu aliponishika.

"Huwa hivi?" akauliza.

"Mara nyingi."

"Na ungeiacha ile chembe?"

Nilitaka kumwambia kwamba plasta si nyama, kwamba daktari ana darubini na mkono uliotulia kuliko wangu. Yote hayo ni kweli. Lakini yeye aliniuliza habari ya chembe, na chembe ile naijua.

"Ingekaa tu," nikasema. "Hakuna ambaye angeiona ila mimi."

"Basi na mimi nitakaa na yangu. Ikikua, tutarudi. Lakini nitarudi na uso wangu."

Nililia pale pale, vumbi likageuka uji mashavuni. Akanifuta kwa kiganja, akazidi kunipaka, tukaishia kucheka. Kesho yake tulimpigia daktari, na aliyeongea ni Mwalimu.

Upasuaji ulichukua karibu siku nzima. Shemeji alikaa nami kwenye benchi, na siku hiyo utani ulimwishia. Jioni daktari alitoka, akasema ameacha kipande kama punje ya mchele. Neva ameiona nzima, lakini kuwa nzima ni jambo moja na kufanya kazi ni jingine. Tusubiri aamke.

Waliponiruhusu kuingia, Mwalimu alikuwa amefungwa bandeji, amefumba macho. Kiti pekee kilikuwa kulia kwake, nikakaa. Uso ulikuwa umetulia tuli, haunijibu chochote, na niliogopa kumwamsha nisije nikajua. Basi nikasema naye hivyo hivyo, kwa kunong'ona.

"Haikuwa habari ya usafi, Mwalimu. Naogopa kubaki peke yangu. Ndiyo maana nilisema atoe yote."

Nilipoegemea kitanda kikatikisika, naye akafungua macho. Akanitazama. Akainua nyusi zote mbili, zile zinazonyamazisha darasa, kisha pembe za mdomo zikapanda, ya kushoto kwanza, na baada ya kusitasita kidogo, ya kulia.

"Umekosea upande, fundi," akasema. "Nimesikia mnong'ono tu. Ulikuwa unasema nini?"

Nikanyanyua kiti, nikazunguka kitanda, nikarudia.