Kibao cha Watoto Kilichohamahama

Mjukuu wangu Evelyn hasikii. Alizaliwa akisikia kama watoto wote, ila alipotimiza miaka mitatu homa ya uti wa mgongo ilimpitia, ikamwachia uhai ikaondoka na masikio. Nasema hili mapema ili usije ukaniona mama mgomvi bure. Mtoto mwingine akitaka kuvuka barabara yetu ya kwenda Nkwenda, huisikia pikipiki ikiwa bado ng'ambo ya kilima. Evelyn lori analijua kwa nyayo, maana ardhi inatetemeka. Pikipiki haitetemeshi kitu. Inamjia kama kipanga anavyomjia kifaranga.

Nyumba yetu na kibanja chetu cha migomba viko upande wa juu wa barabara, shule iko upande wa chini. Hapo katikati ni changarawe nyekundu na mteremko mrefu unaoanzia kwenye mikaratusi, unapita mbele ya njia yetu, unaendelea hadi konani kwenye duka. Malori ya kahawa yanateremka hapo, na pikipiki zenye mikungu ya ndizi minne minne, na zile gari ndogo tunazoziita michomoko, zinazopakia watu tisa mahali pa watano na bado dereva anatafuta wa kumi.

Nilihangaika miezi kumi na mmoja nipate kibao cha barabarani cha kuonya madereva. Niliandika barua tatu kwa watu wa barabara, kwa mkono wangu. Nimeishia darasa la saba, lakini la zamani, mwandiko wangu unasomeka. Hatimaye ilikuja pikapu na kibao kimoja kizuri kabisa: pembetatu nyeupe, ukingo mwekundu, ndani watoto wawili weusi wanakimbia, mkubwa amemshika mdogo mkono. Fundi aliyekileta, kijana mwenye adabu, alipanda hadi kwenye mikaratusi, akachora duara la chokaa chini.

"Chimbeni hapa, bibi. Saruji naileta kesho."

Kesho yake mvua ilinyesha, kesho kutwa ikanyesha zaidi, daraja moja huko mbele likakatika na fundi akaitwa huko, kibao akakiacha kwetu. Nikabaki nalitazama lile duara la chokaa. Kutoka pale hadi mahali watoto wanapovukia ni hatua mia na hamsini, nimezihesabu mwenyewe. Nikajisemea, kijana huyu amesoma lakini hajaona. Kwenye mikaratusi hapana mtoto hata mmoja, kibao cha watoto kitamwonya nani? Nikaita wanaume wawili, tukachimba mbele ya njia yetu, palepale pa kuvukia, tukashindilia mawe.

Kisha nikamfundisha Evelyn. Nilimfanyia pembetatu kwa vidole, nikamwonyesha kibao. Nikamsimamisha chini yake. Angalia kulia, angalia kushoto, angalia kulia tena, vuka. Tulirudia wiki nzima, asubuhi na jioni, hadi akawa ananifanyia yeye ile pembetatu hata tukiwa tunamenya ndizi. Mtoto wa aina hii ukimpa neno moja analishika kwa meno.

Wiki tatu zilipita vizuri. Jumatatu ya wiki ya nne kibao hakikuwepo.

Nilikikuta chini kidogo, hatua kama mia mbili, kimesimama pembeni ya meza ya Sperancia. Sperancia ni jirani yangu, anauza ndizi mbivu, maparachichi na mananasi.

"Sperancia, kibao kimefikaje hapa?"

"Shikamoo kwanza, Ma Kokuberwa."

Kokuberwa ni mimi. "Marahaba. Kimefikaje?"

"Kimekuja chenyewe, waitu. Kilichoka kusimama peke yake kule."

"Na mawe yake kimejibebea?"

Akacheka, akanikatia kipande cha nanasi. Sikukipokea. "Sikia, mama," akasema. "Magari yakikiona yanapunguza mwendo. Yakipunguza, abiria wanayaona maparachichi. Leo hata saa nne haijafika na ndoo mbili zimekwisha. Tangu niolewe hapa sijawahi kuona barabara ikinihurumia hivi."

"Evelyn anavukia kwenye hicho kibao."

"Si avukie hapa? Nitamwangalia."

"Utamwangalia ukiwa umeinama kwenye ndoo?"

Nilikirudisha. Jumatano kikarudi kwake. Nikakirudisha tena, nikaongeza mawe. Ijumaa sikukikuta kwa Sperancia wala kwangu. Kilikuwa kimeteremka hadi konani, kwenye duka la Abdulrahim, na chini ya wale watoto wawili kimefungwa kadibodi kwa waya: VOCHA ZIPO. PAMPU IPO.

Abdulrahim babu yake alikuja huku kutoka Pangani na mizigo ya kitambaa, na mpaka leo ulimi wao una mafuta. Ukienda kumgombeza unarudi nyumbani umenunua chumvi.

"Bibi yangu kipenzi, karibu kiti. Mie sikukihamisha, nisingethubutu. Nilikikuta kimelala chini, nikakistiri."

"Umekistiri na pampu?"

"Nimekipa kazi kidogo, bibi. Chuma kikikaa bure kinaingia kutu."

Nilikwenda kwa Telesfori, mwenyekiti wetu wa kitongoji. Nilimkuta anakunywa chai. Alisikiliza yote, akafuta mdomo, akasema jambo zito hilo, lakini kwa kuwa kibao ni cha jamii, basi jamii igawane. Siku za soko kikae kwa Sperancia, siku za kawaida kikae kwa Abdulrahim.

"Na Evelyn?"

"Evelyn apewe Jumapili."

"Jumapili hakuna shule, mwenyekiti."

"Basi hata hatari haipo, Ma Kokuberwa. Unaona?"

Nimelea watoto saba na wajukuu kumi na wawili, nimezoea kuvumilia. Nilikwenda nikakata ule waya, nikakibeba kibao begani, nikakipandisha mteremko na umri wangu huu, na kila pikipiki iliyonipita ilipunguza mwendo. Dereva mmoja akanipigia kelele, "Bibi, leo barabara imekubeba au umeibeba?"

Nilikishindilia kwa mara ya nne. Ikawa hivyo: wao wanang'oa, mimi napanda. Nikafikiri shida yenyewe ni mgongo wangu tu.

Alhamisi moja nilikuwa juu kwenye kibanja, napunguza majani makavu ya migomba kwa kisu chetu cha muhoro. Evelyn alikwisha kunywa uji na kutoka. Kwa kawaida nasimama namwona anavuka, na siku hiyo nikasema nimalize mgomba mmoja kwanza. Nilipoinua kichwa, kibao hakikuwepo na mtoto hakuwepo. Nikatazama chini. Alikuwa anateremka kando ya barabara, mkoba mgongoni, anageuza kichwa huku na huku kama anayetafuta mbuzi. Anakitafuta kibao chake.

Nilianza kukimbia. Kumwita hakusaidii kitu, ndiyo taabu yake. Nilimwona akifika konani kwa Abdulrahim, akakiona, akasimama chini yake sawasawa kama nilivyomfundisha. Akaangalia kulia. Makreti ya soda yalikuwa yamepangwa hadi usawa wa kichwa chake, hakuona kitu. Akaangalia kushoto. Akaangalia makreti tena. Akaingia.

Lori la kahawa lilikuwa limeshateremka. Nilisikia breki, kisha vumbi likafunika lori, duka na mtoto. Sijui nilimalizaje zile hatua zilizobaki. Vumbi lilipopungua Evelyn alikuwa amesimama, na kati ya paji lake na bampa ungeweza kupitisha kiganja, si zaidi. Mkoba ulikuwa umedondoka. Aliuokota, akaupangusa, ndipo akaanza kulia.

Dereva alishuka akakaa chini kwenye changarawe. Jina lake Ukasha, anapita hapa kila wiki.

"Bibi," akaniambia, "nimekiona kibao. Naapa nimekiona, nikatoa mguu kwenye mafuta palepale."

"Umekiona, mbona umemfikia?"

"Kibao hiki kinaniambia watoto wako mbele. Mbele, bibi. Kinanipa nafasi ya kupunguza kabla sijafika kwao. Nilijua watoto nitawakuta baada ya kona. Nani anamsimamisha mtoto chini ya kibao?"

Sperancia alikuwa amefika na kisu chake cha mananasi mkononi. Abdulrahim ameshika kreti, hajui alitue wapi.

"Hizi pembetatu zote ndivyo zilivyo," Ukasha akaendelea, sasa kwa upole, kama anayemfundisha mama yake. "Ya kona hawaiweki kwenye kona. Ya ng'ombe hawaiweki kwa ng'ombe. Zinasema na dereva akiwa bado mbali. Anayevuka hazimhusu. Hiki kilipaswa kukaa juu kule, kwenye miti."

Kwenye mikaratusi. Kwenye duara la chokaa.

Nilikuwa na maneno mengi tayari kwa ajili ya Sperancia na Abdulrahim, nimeyapanga tangu wiki ya kwanza. Sperancia alinitangulia, na hakusema kwa ubaya.

"Sisi tumekosa, Ma Kokuberwa. Lakini wa kwanza kukitoa pale kwenye chokaa alikuwa nani?"

Nilimshika mtoto wangu mkono tukapanda nyumbani. Siku hiyo hakwenda shule.

Jioni nilikuwa nimekwisha kujikasirikia vya kutosha, na hasira hailimi. Nikafikiri. Kibao kirudi kwenye chokaa, sawa. Nani atakizuia kisihame tena? Watu wetu chuma cha serikali hawakiogopi. Wanakiona kama mbuzi asiye na mwenyewe. Kuna kitu kimoja tu ambacho hapa Nyakatuntu hata mlevi hakigusi. Mulamula. Nyinyi mnaoishi mjini pengine mnauona ni ua la kupamba, ule mti mwembamba wenye majani marefu kama panga. Kwetu ndio mpaka wa kibanja. Unapandwa majirani wa pande zote wakiwa wamesimama, wanaona, wanaonja rubisi, pombe yetu ya ndizi, imekwisha. Atakayeung'oa ameng'oa maneno ya wote waliosimama pale, na jina lake litasemwa mpaka kwa wajukuu.

Jumamosi nikawaita majirani na mwenyekiti. Kibao tulikisimika kwenye chokaa, saruji alitoa Abdulrahim, nusu mfuko. Kando ya nguzo nikachomeka kijiti kimoja cha mulamula. Kisha tukateremka hadi mbele ya njia yetu, nikachomeka kimoja upande huu wa barabara na kimoja upande wa pili, tukarudi juu kwenye nguzo kuonja.

Telesfori alikuwa ameshika kibuyu cha rubisi, lakini alinuna. "Barabara si kibanja, Ma Kokuberwa. Huwezi kuiwekea mipaka."

"Siigawi, mwenyekiti. Onja."

"Unatufunga."

"Ndiyo. Onja."

Akaonja. Sperancia akaonja, akakitazama kile kijiti kando ya nguzo, akasogeza mguu nyuma. "Hiki mimi sikigusi," akasema. "Hata wakinipa ndoo kumi. Umetukomesha, mama." Abdulrahim pombe haonji, akanywa soda yake mwenyewe, tukaihesabu kuwa naye kaonja.

Mwaka wa tatu sasa vijiti vimeshika mizizi na kibao hakijasogea. Laiti kazi ingeishia hapo.

Jumatatu iliyofuata ile Jumamosi nilimpeleka Evelyn kwenye mulamula wa kuvukia. Nikamwonyesha kijiti, nikamwonyesha ardhi, nikafanya kulia, kushoto, kulia. Alinitazama, akakitazama kijiti chenye majani matatu, akageuka akapandisha mteremko hadi kwenye mikaratusi, hatua mia na hamsini, akasimama chini ya pembetatu. Nikamfuata, nikamrudisha. Jumanne akapanda tena. Jumatano nilimshika bega, akajichomoa, akanifanyia pembetatu kwa vidole, akanielekezea kidole kifuani. Wewe ndiye uliyesema. Uso wake ulikuwa umechoka na mimi kuliko mimi nilivyochoka na kitongoji kizima.

Utamwelezaje mtoto asiyesikia kwamba bibi alikosea? Sikuwa na ishara ya hilo. Nilikwenda kwenye pembetatu, yeye akiniona, nikaipiga nguzo kofi, nikatikisa kichwa. Nikajipiga na mimi kofi kichwani, nikatikisa tena. Nikateremka kwenye mulamula, nikasimama kama mwanafunzi, nikavuka. Nikarudi. Nikavuka tena. Michomoko ilipunguza mwendo kumtazama bibi kizee anayevuka barabara bila kwenda popote. Tulifanya hivyo siku tisa.

Siku ya kumi nilitangulia ng'ambo, mikono nyuma, sikumpa ishara yoyote. Alifika kwenye mulamula. Alitazama juu kwenye mikaratusi, muda mrefu. Kisha akatazama kulia. Pikipiki ya ndizi ilikuwa inakuja, imepunguza mwendo tangu kwenye kibao. Akaingoja ipite, mkono mmoja ameshika jani. Akatazama kushoto. Akatazama kulia tena. Akavuka bila kukimbia, akanipita, akaingia njia ya shule bila hata kunigeukia.